Neno Alilosema Mzee Mulango

Mpendwa Babu,

Jumapili iliyopita tulionyesha tena ile filamu ya hoteli ya theluji, katika chumba kile kile cha Rubona, kando ya ziwa, na aliyeshika mikro yako, kile kipaza sauti cha kusimulia, safari hii nilikuwa mimi. Najua swali lako la kwanza lingekuwa kama watu walikuja. Walikuja. Papa Riziki alifika kabla ya wote akakaa kwenye benchi lake la mbele, miguu ameinyoosha kama kawaida yake, ili kila anayepita amruke. Bibi alikaa mlangoni. Alisema ndani kuna joto, lakini nadhani alitaka kukaa mahali ambapo angeweza kutoka bila kutazamwa.

Nakuandikia kwa sababu nilikuwa na jambo lililonisumbua kwa wiki nyingi kabla ya siku hiyo, na mtu ambaye ningemuuliza ni wewe tu. Ni juu ya neno moja. Unalijua. Ulilitafsiri vibaya, Babu, na mimi nilikuwa sijui kama nikurekebishe mbele ya Rubona nzima wakati huna njia ya kunijibu.

Barua hii nitaisoma darasani pia, maana Mwalimu wetu wa Kiswahili ametuambia tumwandikie mtu asiyekuwepo. Kwa hiyo utanivumilia nikikueleza mambo ambayo wewe mwenyewe unayajua. Wenzangu wengi hawakukuona.

Siku za kazi ulikuwa kwenye kiwanda cha bia, upande wa kuosha chupa. Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani na kabla wavuvi hawajaenda kutayarisha mitumbwi, ulikuwa mtu mwingine. Nyuma ya nyumba ulikuwa na chumba chenye mabenchi, televisheni kubwa, spika zilizopasuka kidogo na mikro iliyozungushiwa utepe mweusi. Ulionyesha filamu za kigeni ukizisimulia mwenyewe, zile ambazo mjini wanaziita agasobanuye. Nyumbani tunaongea Kinyarwanda kama majirani wote, lakini watu wa mitumbwi walitoka pande zote mbili za ziwa, basi ukachagua Kiswahili, kile ulichokuja nacho kutoka Kongo.

Nakumbuka ulivyojiandaa. Jumamosi uliitazama filamu mara ya kwanza bila sauti kabisa. Nilikuwa nakaa karibu yako nikimenya karanga, na siku moja nilikuuliza kwa nini unafunga sauti.

"Kwanza nione batu banataka nini," ulisema. "Maneno itakuya nyuma."

Mara ya pili ulifungua sauti, ukaweka sikio karibu na spika na kuyawinda maneno ya Kiingereza uliyoyajua, ambayo hayakuwa mengi. Na Jumapili ilipofika ulisimama kando ya televisheni ukiwatazama watu, picha ikiwa mgongoni kwako. Hukugeuka hata mara moja. Nilipokuuliza hilo nalo, ulicheka.

"Filme naijua. Batu ndio sijue leo beko namna gani."

Wakubwa wa filamu, wale wenye bastola na wachumba, uliwapa sauti za kawaida tu. Sauti yako nzuri, ile nzito iliyotoka chini ya kifua, ulimwekea mtu mmoja. Alikuwa mzungu mwenye masikio makubwa, pua iliyopinda kidogo upande, na nyusi kama brashi ya viatu. Katika filamu moja alikuwa mtumishi wa tajiri. Katika nyingine alikuwa askari wa gereza, katika nyingine padri, katika nyingine daktari anayetoka chumba cha wagonjwa kuwaambia ndugu habari mbaya. Hakupiga mtu, hakubusu mtu, hakuendesha gari. Alifungua mlango, akasema maneno mawili matatu, akaondoka. Ukamwita Mzee Mulango.

Watoto na wazee walimtafuta kwenye kila filamu.

"Ule! Ule! Muzee Mulango!"

"Iko wapi?"

"Nyuma ya ule mama wa kofia! We hauone masikio?"

"Mi nilisema," Papa Riziki alikuwa akitangaza. "Filme yenye haina mulango, huyu muzee hana kazi."

Nawe ukaingiza sauti nzito kwenye mikro, midomo ya Mzee Mulango ikienda sawa kabisa na maneno yako: "Papa Riziki, kunja miguu, niko napita."

Chumba kilivunjika kwa kicheko. Papa Riziki alikunja miguu kweli, akairudisha pale pale baada ya muda mfupi. Mara nyingine Mzee Mulango aliinama mbele ya bwana wake mwenye suti, na sote tulijua anamwambia kwamba mgeni mkubwa amefika, lakini wewe ulimsemesha hivi: "Patron, huko inje kuko mama anauzisha sambaza. Nimuingize ao namna gani?" Na Bibi, ambaye kila siku anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, bandarini, alipiga kelele kutoka nyuma: "Muongo we! Mi sijafika kwa huyo muzungu!"

Filamu moja tu hukuitania. Ile ya hoteli.

Ni hoteli ya milimani, theluji imefunika kila kitu, na vita vimekaribia. Mzee Mulango ndiye bawabu. Kuna msichana mdogo ambaye watu wake walitoka asubuhi hawajarudi. Askari wanagonga. Mzee Mulango anamficha mtoto chini ya ngazi, katikati ya makoti ya wageni, anainama, anamgusa shavu kwa mgongo wa kidole na kumwambia jambo dogo. Kisha ananyoosha koti lake, anatembea mpaka mlangoni, anaufungua, baridi inaingia, naye anatoka. Filamu inaendelea na mambo ya wakubwa. Haituambii kamwe kilichompata.

"Kimya," ulisema kwa ile sauti. Halafu, taratibu sana: "Baki."

Mtu wa huku hahitaji kuelezwa neno hilo, lakini nitalieleza kwa ajili ya wale wa darasani waliokulia mbali. Kwetu anayeondoka ndiye anayesema baki: bakia muzuri, mubaki salama. Na anayebaki hujibu, wende muzuri. Kila mtu ana zamu yake. Kwa hiyo Mzee Mulango aliposema "baki", hakuwa anamwamuru mtoto atulie tu. Alikuwa anamuaga.

Ukalileta neno hilo nyumbani. Asubuhi ukienda kiwandani ulisimama mlangoni, ukanyoosha koti lako la kazi, ukanigusa shavu kwa mgongo wa kidole. "Baki." Nami nilijibu: "Wende, Muzee Mulango." Ukienda kununua vocha, baki. Ukienda kwa jirani kuazima nyundo, baki.

"Anaenda kwenye choo tu," Bibi alilalamika, "anatuaga kama mutu anaenda Kinshasa!"

"Bibi yangu, choo iko mbali," ulimjibu. Wewe ulimwita bibi kwa maana ya mke, kama mnavyosema watu wa Kongo, nasi wajukuu tukamwita Bibi kwa maana yetu, na yeye aliitikia pande zote mbili bila taabu.

Unakumbuka siku tulipojua jina lake? Watu huwa wanasimama majina yakianza kupanda mwishoni. Siku hiyo uliwakataza. Ulisimamisha picha, ukaniita mbele. Nilikuwa bado shule ya msingi, Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma herufi moja moja, lakini nililipata: Bawabu, Idris Penallt.

"Idris?" mtu alisema. "Kumbe ni Muislamu!"

"Si niliwaambia?" Papa Riziki alisimama kabisa. "Huyu ni mutu wa Kigoma. Muangalie masikio."

"Kigoma na ile theluji yote?"

"Alienda kutafuta maisha! We hauna ndugu alienda?"

Mabishano yalipanda mpaka mama mmoja akataka aletwe shahidi kutoka Kigoma. Wewe ulingoja watulie, ukasema kwa mikro: "Bon. Muislamu, Mukristo, yeye kazi yake ni kufungua mulango. Batu baingie bote." Wakakaa.

Halafu ugonjwa ukakushika kooni, Babu. Katika mwili wako wote, ukachagua hapo. Sauti nzito ilianza kukwaruza, kisha ikawa pumzi tu. Jumapili ya mwisho uliyoshika mikro, watu waliinama mbele kwenye mabenchi ili wakusikie, na hata Papa Riziki alikunja miguu bila kuambiwa. Baada ya hapo chumba kilifungwa.

Hospitalini nilikuja baada ya masomo, na sare ya shule. Kwa kuwa hukuweza kusema, mimi ndiye niliyekusimulia. Nilikusimulia filamu ulizozijua zote, nikakosea makusudi ili nikuone ukitikisa kichwa. Jioni ile ya mwisho muuguzi alisema muda wa wageni umekwisha. Nilikuwa mimi ninayeondoka, basi zamu ilikuwa yangu. Nilikugusa shavu kwa mgongo wa kidole nikasema, "Baki, Babu." Ulinyanyua kidole chako kidogo juu ya shuka.

Asubuhi tuliambiwa umeondoka.

Tangu hapo nimekuwa nikihisi kwamba tulikosea zamu. Aliyekuwa anaondoka ulikuwa wewe, na neno lako nilikuwa nimelisema mimi. Mimi sikuambiwa baki na mtu. Sikumweleza Bibi wala Mama. Lilionekana jambo dogo mno la kulilia, ukilinganisha na mambo mengine ya msibani.

Mwaka huu shuleni, katika chumba cha kompyuta, tulipewa muda wa kutafuta jambo lolote tunalolipenda. Niliandika Idris Penallt. Sikutegemea kupata kitu. Nilipata maisha yake yote.

Hakuwa mtu wa Kigoma, Babu. Alikuwa Mwelisi. Welisi ni nchi ndogo ubavuni mwa Uingereza, ya milima na mvua, na katika picha nilizoziona majani yake yanafanana na ya malisho ya Mudende, huku juu kwetu, ila penye ng'ombe wao wana kondoo. Alizaliwa katika bonde la machimbo ya makaa ya mawe. Baba yake alishuka chini ya ardhi kila siku, na yeye pia alitarajiwa ashuke. Shuleni walimcheka masikio. Nyumbani waliongea Kiwelisi, lugha yao wenyewe ambayo haifanani na Kiingereza hata kidogo, na Kiingereza alikikuta darasani, kama mimi nilivyokikuta. Kanisani kwao watoto walisimama kukariri mistari mbele ya watu, na hapo ndipo alipogundua kwamba akisimama mbele ya watu haogopi.

Alikwenda London. Kwa muda mrefu alibeba mikuki jukwaani bila kusema neno. Halafu watu wa filamu wakaupenda uso wake, kwa sababu ni uso ambao kila mtu anadhani amewahi kuuona mahali. Wakampa milango. Makala niliyoisoma inasema aliigiza mapadri, makarani, polisi, madaktari na mabawabu wengi mno, hata watu waliokutana naye kwenye basi walimsalimia wakidhani ni jirani yao wa zamani au daktari aliyemtibu mama yao. Naye aliwaitikia na kuwauliza mama anaendeleaje. Nilicheka peke yangu mpaka Mwalimu akanitazama. Mara moja alipewa nafasi kubwa, uso wake ukabandikwa kwenye kuta za mji. Filamu hiyo haikupendwa. Akarudi kwenye milango yake, na wanasema alirudi akipiga mluzi.

Uzeeni alirudi bondeni kwao, akaigiza babu katika tamthilia ya televisheni ya Kiwelisi. Baada ya maisha yote ya kusema maneno ya wengine, alimaliza akisema ya kwao. Alipofariki walimzika hapo hapo. Kanisa lilijaa, na wale waliokosa nafasi walisimama nje, kwa hiyo mlango uliachwa wazi mpaka mwisho, mvua ikaingia na hakuna aliyethubutu kuufunga.

Chini ya makala kulikuwa na mazungumzo yaliyorekodiwa. Nilivaa vifaa vya masikioni, nikabonyeza.

Babu, sauti yake ni nyembamba! Ni nyembamba na inaruka ruka kama ya mtu anayeuza mitumba. Nilitaka kumwambia anyamaze amwachie mwenye sauti. Nilikuwa nimezoea kabisa kwamba anaongea kama wewe.

Akafika kwenye filamu ya hoteli. Alisema kwamba kwenye maandishi aliyopewa, bawabu alitakiwa kumwambia mtoto akae kimya, halafu amwite "mtoto wangu" kwa Kiingereza. Lakini alipoinama chini ya ngazi na kumtazama yule msichana, mdomo wake ulimletea neno la kwao. Alidhani mwenye filamu atamsimamisha arudie. Hakuna aliyemsimamisha. Neno likabaki ndani. Alilirudia polepole ili anayemhoji alisikie: *bach*. Mwisho wake unakwaruza kooni, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Maana yake ni "mdogo", lakini wao humwambia mtu wanayempenda, hata awe mkubwa.

Nilivua vile vifaa nikakaa. Bach. Baki. Wewe na sikio lako kwenye spika, ukiwinda Kiingereza, ulikutana na neno lisilo la Kiingereza. Sikio lako lilikuwa sahihi kwamba neno lile ni la nyumbani. Lilikosea tu ni nyumba ya nani.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Baba alikuwa ameshakubali chumba cha nyuma kiwe mahali pa kuwekea nyavu za wavuvi. Kabla nyavu hazijaingia, familia iliamua tukukumbuke kwa kuonyesha filamu ya hoteli mara moja ya mwisho, na kila mtu alisema nisimulie mimi kwa kuwa ndiye ninayesoma Kiingereza. Nikafikiria: nikifika chini ya ngazi, niseme nini?

Unamjua Mwalimu wetu. Alikulia Tanzania, na kwake Kiswahili kinanyooshwa kama shati la ibada. Nilimweleza bila kukutaja. Akasema, "Ukishajua maana ya neno, huna ruhusa ya kujifanya huijui. Msikilizaji amekuamini." Naamini alisema kweli. Na kwa Kiswahili chako neno sahihi lilikuwepo, tena zuri: katoto kangu. Lakini nikilisema, Rubona yote ingejua kwamba kwa miaka yote uliwapa neno ambalo halikuwepo. Na wewe usingekuwepo kujitetea kwa utani.

Nikamwendea Bibi. Alikuwa akianika sambaza juu ya wavu, nikamsaidia kuzitawanya huku nikimweleza.

"Kumbe hakusema baki?" aliuliza.

"Hapana, Bibi. Alisema kitu kama 'katoto kangu'."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Ule muzee! Miaka yote ananiagaka na neno ya bongo, uongo mutupu!"

Halafu akaendelea kutawanya samaki waliokuwa wameshatawanyika.

"Baba yake," alisema, "kule Kongo, wakati ya vita, alisikia makelele inje. Akafungua mulango aone ni nini. Hakusema kitu. Babu yako alikuwa ukubwa kama wewe vile. Akangoya, akangoya." Aliokota samaki aliyeanguka, akampuliza vumbi. "Hakurudi tena."

Sikujua, Babu. Hukuwahi kuniambia.

"Donc, ile siku aliona hiyo filme mara ya kwanza, alikuya akaniambia: 'Mama, nimeona mutu anatoka inje, lakini ule amesema baki.' Akalia. Mi nilifikiri, huyu muzee analilia filme namna gani?"

"Sasa Jumapili niseme nini, Bibi?"

"Mi nijue? Mi nauzishaka samaki. Mwenye mikro ni we."

Nilitamani anichagulie. Hakunichagulia.

Njiani kutoka kanisani kurudi Rubona siku hiyo, ndani ya gari, niliamua. Ningesema kweli: katoto kangu. Niliona kwamba ungeielewa. Uliwahi kumwambia Mwalimu mwenyewe, alipokuja nyumbani, kwamba Kiswahili chako ni cha kusikia na changu kitakuwa cha kujua, na ulilisema kwa fahari.

Nilisimama kando ya televisheni, mgongo kwa picha, macho kwa watu. Mwanzoni sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Mama, ongeza sauti!" Papa Riziki aliniita. "Huku kwa miguu yangu haifike!"

"Toa miguu basi, itafika!" mtu akamjibu, na kicheko hicho kilinisaidia. Nikaendelea. Mzee Mulango alipotokea mara ya kwanza akipokea masanduku ya wageni walipiga makofi, kama kwa mtu aliyerudi kutoka safari.

Kisha tukafika kwenye ngazi. Sikuhitaji kugeuka, niliiona picha kwenye nyuso zao. Niliona alipoinama. Niliona kidole kilipogusa shavu, kwa sababu mama mmoja alijigusa lake.

"Kimya," nilisema.

Nikafungua mdomo kwa neno la pili, na sauti haikutoka. Sijui ilikwenda wapi. Nilikuwa na neno tayari, nimelifanyia mazoezi, na koo lilikuwa kavu kama la kwako siku za mwisho. Mikro ilikuwa inapitisha pumzi tu.

Ndipo wakalisema wao.

"Baki."

Hawakupiga kelele. Walilisema taratibu, kila mmoja akijaribu kushusha sauti mpaka kifuani kama ulivyoishusha wewe, wavuvi na mama wa samaki na watoto waliokaa chini. Papa Riziki alilisema. Bibi mlangoni alinyoosha kitenge chake akalisema. Walikuwa wanaitazama televisheni nyuma yangu, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele yao, na neno lote lilinijia mimi. Lilikuwa na sauti yako. Nilikuwa nimelingoja tangu hospitalini.

Nilijua kutoka kwenye macho yao kwamba mlango umefunguliwa na theluji inaingia. Nikapata pumzi.

"Katoto kangu," nilisema kwenye mikro.

Papa Riziki akajipangusa uso kwa kofia na kulalamika: "Hiyo neno ya pili haikukuwaka mbele! Mi naijua hii filme!"

Nikashusha sauti chini kadiri nilivyoweza. "Papa Riziki, kunja miguu, niko napita."

Babu, laiti ungewasikia.

Mwishoni hakuna aliyesimama majina yalipopanda. Nililisoma jina lake kwa sauti, safari hii bila kuchanganya herufi, nikawaeleza kwamba alikuwa Mwelisi, mtoto wa mchimba makaa, na kwamba pale chini ya ngazi alisema neno la nyumbani kwao, na wewe ukasikia la kwetu, na sasa tunayo yote mawili. Walitikisa vichwa. Papa Riziki akauliza kama Welisi iko karibu na Kigoma.

Sasa chumba kimejaa nyavu, na kinanuka ziwa. Mikro iko kwangu, juu ya vitabu. Mwalimu anasema kuna watu ambao kazi yao ni kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine, na kwamba nikiendelea kusoma vizuri huenda nikawa mmoja wao. Sijamwambia mtu, lakini wewe nakwambia: ningependa sana. Nitatafuta maana kama Mwalimu alivyonifundisha, na mara ya kwanza nitafunga sauti, nione watu wanataka nini.

Limebaki jambo moja. Umeniambia baki, nami sikuwa nimejibu zamu yangu.

Wende muzuri, Babu. Wende, Muzee Mulango. Mimi nimebaki.

Katoto kako,
Mjukuu wako wa Rubona